Spika za Mnara Zikikwaruza, Tazama Nyaya Kwanza

Boti za kuteleza majini unazoziona Mtwapa na Kilifi huwa na ule mnara wa mabomba ya alumini juu ya usukani. Umewekwa pale ili kamba ya anayeteleza ifungwe juu, lakini wenye boti wengi wanaupenda kwa sababu ya spika. Spika za mnara hutazama nyuma, na zinatakiwa zimfikie mtu aliye mwisho wa kamba ya mita 20 huku injini ikinguruma katikati. Ndiyo maana zinakula umeme mwingi. Na zikianza kukwaruza, mwenye boti huwa ana jibu lake tayari: "Fundi, hizi zimekufa. Ama amplifaya ni ndogo."

Mara nyingi si hivyo. Boti niliyoimaliza juzi ilikuwa na spika nne juu, zote nzima, na amplifaya nzima. Kilichokwisha ni nyaya, na nyaya ndizo ambazo hakuna anayetaka kuzilipia kwa sababu hazionekani.

Kabla ya kushika chochote kwenye boti ya petroli, fungua vifuniko, washa feni ya kutoa hewa, subiri, kisha chomoa betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kwenye ngama, na cheche moja ya bisibisi inatosha. Sigara baadaye.

Halafu pima. Toa nyaya za spika kwenye amplifaya na uzishike na mita upande wa omu. Spika ya omu 4 ikiwa nzima husoma chini kidogo ya 4, kama 3.5 hivi. Mbili zikiwa zimeungwa sambamba, usomaji unashuka nusu. Sasa mwite baharia aushushe mnara polepole, kwa maana minara hii inakunjwa ili boti ipite chini ya paa la banda, huku wewe macho kwenye mita. Kwenye boti ile ya juzi namba ilikaa vizuri mnara ukiwa wima, ikaanza kucheza ulipoinama, na ulipofika nusu ya njia mita ikawa kimya kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye bawaba.

Kipimo cha pili watu wanakiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye waya wa spika na nyingine kwenye alumini tupu ya mnara. Mita isisome kitu. Ikisoma, waya umechubuka na unagusa bomba. Mafundi waliozoea taa wanadhani waya hasi wa spika ni sawa na ardhi ya boti, wanaufunga popote penye chuma. Amplifaya nyingi za siku hizi zinasukuma umeme kwenye nyaya zote mbili. Hasi ya spika ikigusa hasi ya betri, amplifaya inajizima kujilinda, na isipojizima inaungua.

Nilipouvuta ule waya wa zamani kwenye bawaba, ganda lilikuwa limekatika mduara mzima kama limepitishwa kisu. Ndani, shaba imegeuka nyeusi, na juu yake unga wa kijani. Nilipousugua kwa kidole, nyuzi zikavunjika zikabaki tatu. Muziki wote wa upande wa kushoto ulikuwa unapita kwenye nyuzi tatu. Mbele kidogo, ndani ya bomba, mtu aliunga waya kwa kuusokota na kuuzungushia tepu, gundi ikayeyuka kwa jua, maji ya chumvi yakaingia. Kiungo ndani ya bomba ni dhambi. Waya utoke kwenye amplifaya hadi kwenye spika bila kukatwa.

Na hata ungekuwa mpya, waya ule haukufaa. Ulikuwa wa milimita 0.75 za mraba, na kutoka amplifaya hadi juu ni kama mita 7. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 14, ambazo kwa waya huo ni kama omu 0.34. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba kwenye jozi moja, mzigo ni omu 2. Piga hesabu: zaidi ya robo ya nguvu ambayo ingefika kwenye spika haifiki. Mwenye boti anakwenda kununua amplifaya kubwa zaidi ili azidi kuupasha waya moto. Mimi nilipeleka jozi ya milimita 2.5 kwa kila spika peke yake. Hapo hasara inashuka hadi kama asilimia 5. Ukitaka kuziunga sambamba, ziunge kule chini kwenye amplifaya, na usome kwanza kama inakubali omu 2. Ikiwa umeunganisha chaneli mbili ziwe moja, nyingi hazikubali chini ya 4.

Kununua waya ni mtihani wake. Unaotakiwa baharini ni wa nyuzi nyingi nyembamba, shaba iliyopakwa bati. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse, utavunjika kwa mtikisiko. Pia kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, unauzwa kwa bei ya kuvutia na muuzaji anaapa ni shaba tupu. Chukua wembe, kwaruza uzi mmoja. Mweupe nje na mwekundu ndani, huo ni shaba yenye bati, lipa. Mwekundu nje na mweupe ndani, rudisha na umtakie biashara njema.

Kupitisha waya kwenye bomba ndiyo kazi iliyokula muda wangu. Kama wa zamani unateleza, funga mpya nyuma yake uvute. Wangu ulikwama. Basi nikasimamisha mnara wima, nikachukua mshipi wa kuvulia wenye chubwi ndogo, nikaushusha kutoka kwenye tundu la spika. Kwenye kona chubwi ikikataa kushuka, badilisha mbinu: funga kipande chepesi kwenye ncha ya mshipi, kisha vuta hewa upande wa pili kwa mashine ya kuvuta vumbi. Zamani nilitumia kipande cha mfuko wa plastiki, lakini tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, sponji inatosha na inafanya kazi vilevile. Waya upake maji ya sabuni ili uteleze. Mafuta usitumie, yanakula mipira.

Kwenye bawaba acha waya uwe na ulegevu wa kutosha kukunja na kukunjua, na uuvishe mpira laini wa ziada. Kila tundu la alumini liwe na mpira wake wa pembeni. Unapoingia kwenye spika, acha waya uning'inie chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, ili maji yadondoke badala ya kuufuata ndani.

Mwisho wa waya bana kwa koleo la kubania lagi, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Wapo wanaopenda kuchomelea kwa risasi. Kwenye boti mimi sikubali: risasi inaukakamaza waya, na mtikisiko unauvunja palepale inapoishia. Na silikoni yenye harufu ya siki usiiweke karibu na shaba. Hiyo harufu ni asidi.

Chanya na hasi ziangalie kwa betri ndogo ya volti 1.5. Gusa kidogo tu kwenye nyaya kule chini. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni ya spika inatoka nje. Moja ikiingia ndani wakati nyingine zinatoka, umeigeuza, na besi nyingi itapotea hata ukipandisha sauti vipi.

Upande wa umeme wa betri, fyuzi ya waya mkubwa wa amplifaya niliikuta karibu na usukani, yaani waya wote kutoka kwenye betri tezini hadi pale haukuwa na ulinzi. Kanuni ya baraza la boti la Marekani, ABYC, ni inchi 7 kutoka betri, kama sentimita 18. Naifuata. Na fyuzi inapimwa kwa unene wa waya. Ikikatika usiweke kubwa zaidi, tafuta kilichoikata.

Ukimaliza, washa injini, weka muziki, uinue na kuushusha mnara mara kadhaa ukisikiliza. Yule mwenye boti alikuwa ameshaulizia bei ya amplifaya mpya, hakuinunua. Kwa hiyo ndugu yangu, fundi akikwambia ununue spika mpya kabla hajatoa mita mfukoni, mwombe apime kwanza. Akikataa, tafuta mwingine.