Daftari la Kodi ni la Wawili



Wengi wenu mlioko Likoni, Kisauni na Changamwe mna nyumba ya vyumba sita au vinane, mliyoijenga kwa jasho na kuipangisha. Nyumba hiyo huleta karo ya watoto. Huleta pia ugomvi.

Mama mmoja wa Changamwe alinieleza hivi. Kodi ya vyumba vyao vinane, shilingi 3,500 kila kimoja, huingia kwenye simu ya mumewe. Mwisho wa mwezi huambiwa, "Zimekwisha, tumetengeneza choo." Choo kweli kilitengenezwa. Lakini risiti hakuna, bei haijulikani, na mama akaanza kuwaza kwamba kuna nyumba nyingine inayotengenezwa mahali.

Nilipoketi nao nikauliza habari za ushuru. Wakatazamana. Kodi ya 28,000 kwa mwezi ni 336,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2021, kodi ya makazi ikizidi 288,000 kwa mwaka hutozwa ushuru kila mwezi, na tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5. Kwao ni shilingi 2,100, zilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chumba kikikaa kitupu, andikeni ni kitupu, msije mkalipia kodi ambayo hamkuipata. Na amana ya mpangaji si mapato. Ni mali yake mpaka ahame. Iandikeni ukurasa wake.

Hapa wengi hukosea. Ushuru huo wa mwezi hutozwa kwa kodi yote, kabla ya kutoa gharama. Risiti ya mabati haiupunguzi hata senti. Kama gharama zenu ni nzito, mwaweza kuiandikia KRA mtozwe kwa faida, katika hesabu za mwaka zinazopelekwa kufikia Juni 30. Hapo ndipo riba ya mkopo, matengenezo, na hata kodi ya ardhi kwa sisi wenye nyumba bila ardhi, huhesabiwa. Kuongeza chumba kipya si matengenezo. Tena tangu Januari 2024 gharama hutakiwa kuwa na ankara ya eTIMS, mtambo wa KRA. Karatasi aliyotia sahihi fundi yatosha kwa mkeo, haitoshi kwa KRA. Zote wekeni miaka 5.

Padre hakuwaunganisha mioyo akaiacha mifuko. Daftari liwe moja, likae mahali ambapo wote wawili hufika: tarehe, chumba, kilichoingia, kilichotoka, aliyelipwa. Laini ya simu ya kodi iwe peke yake. Mke aijue namba ya siri, na mume pia, ikiwa mke ndiye mpokeaji. Jumapili jioni someni pamoja.

Yule baba wa Changamwe alianza kuandika. Mwezi wa pili mkewe aliusoma ukurasa mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza kwa nini fundi wa choo alilipwa ghali hivyo.