Mchango wa Siku Moja na Elimu ya Miaka Minne

Darsa letu la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo watu wa miji yetu ya pwani waujua uchungu wake, lakini ni wachache waliokaa wakalipigia hesabu. Jambo lenyewe ni namna ya kumfikisha mtoto wa maskini katika chuo kikuu, na khasa namna ya kumbakisha humo mpaka amalize.

Desturi yetu yajulikana. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, na kijana wa mtaa akapata C+ ambayo ndiyo mlango wa shahada, watu hufurahi. Barua ya chuo ikija, mchango hupitishwa baada ya sala ya Ijumaa, shangazi huuza bangili yake, na kijana husindikizwa kwa dua. Haya ni mema, wala hatuyatii dosari. Lakini mchango ule ni wa siku moja, na masomo ni ya miaka minne. Muhula wa kwanza hulipwa kwa fedha taslimu, wa pili hulipwa kwa deni, na ufikapo wa tatu kijana huona haya kuwarudia watu wale wale. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia katika mtihani mpaka karo iwe imelipwa. Basi hurudi nyumbani kimya kimya, na watu husema: "Fulani masomo yalimshinda." La, hayakumshinda masomo. Karo ndiyo iliyomshinda, na waliomsindikiza walimwachia nusu ya safari.

Kwanza, yatupasa tujue mzigo huu ulitoka wapi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya alisomeshwa kwa mali ya serikali, chakula na malazi yake yakiwa ndani yake. Mwaka 1974 ukaanzishwa utaratibu wa mikopo. Mwaka 1991 serikali ikawataka wazazi nao wachangie gharama, na mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Hivyo mzigo ulihama hatua kwa hatua kutoka bega la dola kuja bega la baba na mama, na wengi wetu hatukutambua mpaka ulipokwisha kutua.

Mwaka 2023 ukaja mpango mwingine: kila mwanafunzi apimwe hali ya nyumba yao, kisha apewe sehemu ya msaada usiolipwa, sehemu ya mkopo, na sehemu ilipwe na jamaa zake. Mpango huo ulishitakiwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaukuta kuwa kinyume cha katiba, kisha shauri likaendelea katika rufaa. Hatutaki kuingia katika shauri hilo. Twataka kutazama hesabu tu. Katika mpangilio uliotolewa mwaka 2024, daraja la maskini kabisa lilikuwa la nyumba ambayo pato lake halizidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Mtoto wa nyumba hiyo alipangiwa asilimia 70 ya msaada, asilimia 25 ya mkopo, na asilimia 5 iliyobaki itoke kwa jamaa zake.

Anayesikia asilimia 5 hudhani ni kitu kidogo. Tuseme masomo yake yagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Asilimia 5 yake ni shilingi 10,000, nayo ni zaidi ya pato la mwezi mzima la nyumba ile, kabla hawajala wala hawajalipa kodi ya chumba. Asilimia 25 ni shilingi 50,000, na kwa miaka minne ni deni la shilingi 200,000, mbali na mkopo wa kujikimu. Ndiyo maana twasema kwamba msaada wa serikali, hata ukiwa mwingi, huweza kumfikisha maskini mlangoni na usimwingize ndani.

Pili, kuna jambo ambalo Muislamu hawezi kulipita akafumba macho, nalo ni riba. Mkopo wa kawaida wa Bodi kwa mwanafunzi wa shahada hutozwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka. Wako masheikh waliosema kuwa haufai kabisa, na wako waliouruhusu kwa mwenye haja kubwa asiye na njia nyingine. Sisi hatukuandika makala haya ili kuhukumu baina yao. Lakini twauliza: kijana amesimama peke yake katika njia panda, na mtu anampitia akamwambia, "Usichukue, ni haramu," kisha huyo mtu akaenda zake. Je, amemnasihi au amemfungia mlango? Anayemkataza mwenzake mlango mmoja yampasa amsaidie kuufungua mlango mwingine. Kumwambia mwenye njaa kuwa chakula hiki si halali, na halali iko jikoni kwako, si nasaha iliyotimia.

Tatu, tutazame waliotutangulia. Msikiti wa Al-Azhar wa Cairo ulijengwa karne ya kumi ya miladi, na katika zama zake ukawa na riwaki, yaani makao ya wanafunzi kwa kufuata nchi zao. Ilikuwako riwaki ya watu wa Maghrib, ya watu wa Sham, na ya Wajabarti waliotoka upande wa Uhabeshi. Mwanafunzi maskini alipata humo mahali pa kulala na posho ya mkate. Mkate ule haukuchangwa kila asubuhi, bali ulitoka katika wakfu: mashamba na maduka ambayo asili yake haiuzwi, na faida yake hutumika mwaka baada ya mwaka.

Na hapa kwetu Mombasa, mwaka 1951 kilifunguliwa chuo cha Waislamu cha ufundi, ambacho watu walikiita MIOME. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora walitoa mali zao pamoja na serikali ya wakati ule. Chuo hicho kilibadilika kwa vipindi, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Pwani ya Kilifi nayo ikawa chuo kikuu kamili. Basi majengo tunayo karibu nasi. Lakini kujenga chuo ni kazi moja, na kumwezesha mtoto wa Majengo au Kisauni kukaa humo miaka minne ni kazi ya pili. Hii ya pili ndiyo iliyobaki.

Nne, njia gani twazo? Zaka ni haki ya fukara na maskini. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa mwenye nguvu za kuchuma, akishughulika na elimu ya sheria hata kuchuma kungemkatiza, yuafaa kupewa zaka. Kama hukumu hiyo yaenea hadi elimu za dunia, wanavyuoni wana maneno, na mwenye kutoa na aulize. Lakini Imam Ghazali ameihesabu tiba na hesabu katika fardhi ya kifaya, ambayo mji mzima ukiiacha wote wapata dhambi. Ama sadaka na wakfu, uwanja wake ni mpana zaidi.

Tuseme mtu, au watu kumi kwa kushirikiana, wameweka wakfu duka moja la kodi ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Tutoe 36,000 za matengenezo, zabaki 144,000. Fedha hizo zatosha kulipa sehemu ya jamaa, ile shilingi 10,000, kwa wanafunzi 14. Au zatosha kuwalipia wanafunzi wawili sehemu ya jamaa pamoja na sehemu ya mkopo wa karo, wasiiguse riba hiyo, na zikabaki 24,000 za nauli na vitabu. Na mwaka ujao duka liko pale pale. Tukitazama gharama ya pilau la harusi moja ya siku hizi, hatuwezi kusema mali haipo.

Lakini wakfu bila hesabu ni kisima kilichotoboka. Lazima pawe na daftari lisomwalo hadharani, wateule wachaguliwe kwa haja na bidii si kwa ukoo, binti apewe sawa na mvulana, na anayejifunza ufundi asidharauliwe mbele ya anayesomea shahada.

Masuala ya darsa: Ni vijana wangapi wa mtaa wako walioanza chuo wasimalize, na muhula gani waliachia? Ni wakfu gani ulio karibu nawe, na kodi yake yaenda wapi? Nani kumi wawezao kuanza?

Wabillahi tawfiq.