Riwaya za kihistoria: faida hukaa kwenye chapa ya pili

Mchapishaji anayeweka mtaji kwenye riwaya ya kihistoria asitegemee kurudisha fedha zake katika msimu mmoja. Bidhaa hii huuzwa polepole, lakini ikishapata wasomaji huweza kuuzwa kwa miaka mingi. Tatizo ni nani atalipia miaka hiyo ya kusubiri.

Mfano wa karibu ni vitabu vya Adam Shafi wa Zanzibar. “Kasri ya Mwinyi Fuad”, kuhusu maisha ya mashambani hadi Mapinduzi ya 1964, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. “Vuta n’kuvute”, inayoirejea Zanzibar ya miaka ya 1950, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Kitabu hicho kimewahi kuwamo katika orodha ya fasihi ya Kiswahili ya kidato cha 5 na 6 Tanzania Bara, na mwaka 2021 filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Hapo ilikuwa imepita miaka 22.

Hesabu ya chapa ya kwanza

Tuchukue mfano wa kufikirika. Zimechapwa nakala 2,000 kwa sh. 3,000 kila moja, yaani sh. milioni 6. Uhariri, upangaji na jalada vimegharimu sh. milioni 2. Jumla ya mtaji ni sh. milioni 8.

Bei ya dukani ni sh. 10,000. Mwenye duka anapewa punguzo la asilimia 35, na mwandishi mrabaha wa asilimia 10. Mchapishaji anabaki na sh. 5,500 kwa nakala. Atalazimika kuuza nakala 1,455 ndipo mtaji urudi. Zikiuzwa zote, ziada ni sh. milioni 3, kabla ya pango la ghala na usafirishaji.

Sasa tuseme zinauzwa nakala 500 kwa mwaka, na mtaji wote ni mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Hata kama mapato yote yatapelekwa benki kila mwisho wa mwaka, baada ya miaka 4 ghala litakuwa tupu na deni la takriban sh. 552,000 litakuwa bado lipo. Kitabu kimekwisha, deni halijakwisha.

Chapa ya pili ina sura nyingine. Uhariri na upangaji vilishalipiwa, hivyo kila nakala huacha sh. 2,500. Nakala 1,000 tu zinaleta sh. milioni 2.5. Aliyekwisha kukimbia hasara ya chapa ya kwanza hafiki hapa.

Shule na haki nyingine

Orodha ya shule ndiyo inayoweza kufupisha safari hiyo, kwa kuwa wanunuzi wapya hupatikana kila mwaka. Hata hivyo orodha hubadilika, na vivuli vinavyouzwa mitaani hula soko hilo hilo.

Haki za tafsiri nazo huchelewa. “Paradise” ya Abdulrazak Gurnah, inayohusu Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitoka Uingereza mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, “Peponi”, ikatoka mwaka 2022.

La kuzingatia

Mchapishaji mwenye mtaji mdogo aanze na nakala chache, hata kama gharama ya kila moja itapanda kidogo, na aepuke mkopo wa muda mfupi kwa bidhaa ya muda mrefu. Mwandishi naye ahakikishe mkataba unataja wazi haki za tafsiri na filamu, na unamrudishia kitabu chake iwapo kitaadimika sokoni bila kuchapwa tena.