Kamera ya Filamu ya Mtumba: Kabla Hujatoa Pesa

Kijitabu cha elimu kwa mnunuzi, Kaunti ya Embu

Kabla ya simu zenye kamera, picha za harusi na za mahafali Embu zilipigwa kwa filamu. Baadhi ya kamera hizo bado zimelala kabatini kwa wapiga picha waliostaafu, na nyingine huibuka kwenye meza za mitumba au mitandaoni. Kijitabu hiki kinahusu kamera za rifleksi, yaani zile ambazo jicho lako huona kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo kilicho ndani, na ambazo lenzi zake hubadilishwa.

Hali ya kamera itangulie, jina lifuate. Pentax K1000 iliyotunzwa vizuri itakufaa kuliko Nikon iliyofungiwa miaka 20 ndani ya kifuko cha ngozi. Ngozi hushika unyevu, kwa hivyo kifuko hicho kizuri ambacho muuzaji anakuongezea bure ndicho huenda kiliiharibu lenzi.

Anza na lenzi

Uliza kamera ilikuwa wapi. Pande za juu, Manyatta na Runyenjes, kuna baridi na unyevu. Ukipita msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, unaingia ukungu wa Julai. Huko adui wa lenzi ni kuvu. Ukiteremka Mbeere, Siakago au Kiritiri, adui ni vumbi: zungusha pete ya kufokasi, na ukisikia inasaga, kuna mchanga ndani.

Ichomoe lenzi na ufungue tundu lake lote. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili huku ukiiinamisha kidogo kidogo. Usichungulie kwa kuielekeza kwenye jua, utaumia jicho. Chembe chache za vumbi hazina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Fundi anaweza kuisafisha ikiwa changa. Ikishakula rangi iliyopakwa juu ya kioo, alama haitoki tena. Muuzaji akisema ni vumbi tu, linapanguswa, mwombe alipanguse ukiwa hapo.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani sana pichani. Wa kioo cha nyuma huonekana zaidi. Kisha chezesha pete ya tundu: vipande vya chuma vilivyo ndani vifunguke na kufunga mara moja, na visiwe na mafuta. Mwisho irudishe lenzi kwenye kamera, zungusha pete hadi alama ya mbali kabisa, ulenge kilima kilicho mbali, Kirimiri kwa mfano. Kisipoonekana wazi, kuna kitu kimehama.

Shata

Kabla ya kufungua mgongo wa kamera, zungusha taratibu kirungu cha kurudishia filamu. Kikikaza, kuna filamu ndani, nawe utaiunguza kwa mwanga. Kama ni tupu, fungua, weka kasi ya sekunde 1, vuta mkono wa filamu, bonyeza, usikilize. Pazia ya shata ikichelewa au ikikwama katikati, grisi ya zamani imekauka. Rudia kwa kila kasi hadi 1/1000, ukitazama mwanga ukipita kwa nyuma. Usitafute sekunde 1 kwenye Zenit-E ya Kisovieti: kasi zake zinaanzia 1/30 na kuishia 1/500. Canon AE-1 nayo ina ugonjwa wake, kioo kulia kila unapobonyeza. Inatibika, lakini gharama ya fundi itoke kwenye bei.

Pazia za kitambaa zimulike tochi kutafuta vitundu. Sponji nyeusi za ukingoni mwa mlango zikinata vidoleni zimeoza. Usiikatae kamera kwa hilo, kwani kuzibadilisha ni rahisi. Dai tu upunguziwe.

Betri

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. K1000, iliyoundwa kuanzia 1976 hadi 1997, hupiga picha hata bila betri; betri ni ya kipima mwanga peke yake. AE-1 bila betri ya volti 6 haibonyezeki kabisa, kwa hivyo nenda na betri yako. Betri ndogo za LR44 hupatikana kwa mafundi wa saa. Nne zikipangwa vizuri hutoa volti 6. Kamera kama Olympus OM-1 ziliundwa kwa betri za zebaki, ambazo hazitengenezwi tena kwa ajili ya sumu yake.

Kipima mwanga kikifa, kamera haijafa. Jua likiwa kali, weka tundu f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya filamu: filamu ya 200, kasi ya 1/250.

Lenzi ya pili

Usinunue lenzi peke yake kwa sababu ni rahisi. Ya Canon FD haikai kwenye Nikon, ya Minolta haikai kwenye Pentax. Nenda na mwili wa kamera, uifunge palepale.

Pesa na karatasi

Usitume M-Pesa kabla hujaishika kamera mkononi. Kutaneni mahali pa watu, mchana. Namba ya kamera ikiwa imekwaruzwa, ondoka: kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Andikeni makubaliano mafupi yenye jina, namba ya kitambulisho, namba ya kamera, na hali aliyokueleza muuzaji, kwa mfano “kasi zote zinafanya kazi”. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na maelezo yaliyoandikwa ni rahisi kuyathibitisha. Mkikosana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.

Bakiza pesa za filamu na za kuisafisha, maana kwa kawaida filamu utaituma Nairobi. Roli ya kwanza ipige haraka, kwa kasi tofauti na matundu tofauti, ukiandika kila picha daftarini, ili kasoro ijulikane wakati muuzaji bado anapokea simu yako.