Kuondoa Taka Njiani: Ni Wajibu wa Nani?



Hadithi ya matawi ya imani tumeisoma tangu madrasa. Katika mapokezi ya Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) anaeleza kuwa imani ina matawi sabini na kitu, au sitini na kitu, la juu kabisa ni tamko la Tawhidi, na la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Wahadhiri wengi huishia hapo: hata la chini ni imani, basi shikeni mafagio. Mimi naomba ndugu zangu tuongeze swali. Kuondoa ni nini? Ukikitoa kitu mlangoni kwako ukakiweka mlangoni kwa jirani, umekiondoa?

Swali hili halikuanzia darasani. Muhula uliopita vijana wa jumuiya yetu tulisafisha mtaro unaopita nyuma ya msikiti wa mtaa tunamopanga, hapa Kampala. Anayeijua mitaa ya mabondeni ya mji huu anajua tulichokuta: kaveera, chupa za plastiki, maganda ya matoke, nepi, na tope jeusi. Mvua ikinyesha saa moja tu, maji hayo huingia majumbani, na mtu hana tena pa kutandika mswala. Tulijaza magunia 46, tukayapanga kando ya barabara lori la taka linapopita.

Lori lilipita bila kusimama. Wazoaji walisema wao huchukua taka za nyumba zinazolipia, na magunia haya hayana mwenyewe. Siku ya tatu akaja afisa. Akatuambia sisi ndio tuliotupa taka barabarani, akauliza kibali chetu kiko wapi, akataja faini. Jumanne mvua ikanyesha, magunia yakapasuka, na sehemu kubwa ya uchafu ikarudi mtaroni.

Kikao cha Ijumaa kilikuwa cha moto. Ndugu mmoja alisema tusirudie tena, kazi hii ina watu wanaolipwa. Mwingine akataka magunia yaliyobaki tukayamwage mbele ya ofisi yao, na nitasema kweli, aliungwa mkono na wengi.

Jibu la wote wawili nililikuta katika Al-Ahkam as-Sultaniyya ya Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia). Katika mlango wa hisba anataja tofauti 9 kati ya muhtasibu aliyeteuliwa na mtu anayejitolea. Kwa muhtasibu kazi ni faradhi ya aini kwa sababu ya cheo chake. Kwa anayejitolea ni faradhi ya kifaya. Muhtasibu haruhusiwi kuiacha ili ashughulikie mengine. Amewekwa ili watu wamlalamikie, na akilalamikiwa ni lazima aitikie. Anaweza kulipwa kutoka Baitul-mali, na anaweza kuadhibu. Anayejitolea hana mamlaka hayo.

Tazama mizani hiyo. Kujitolea kwetu hakumpunguzii aliyeteuliwa hata chembe ya wajibu wake. Wala uteuzi wake hautufungi sisi mikono. Al-Mawardi anaeleza pia kwamba maji ya mji yakikatika au ukuta wake ukibomoka, gharama ni ya Baitul-mali. Humo mkiwa hamna kitu, jambo linawaangukia wakazi wenye uwezo. Na wakilianza wenyewe, hawalazimiki kuomba ruhusa ili kujenga kilichokwisha bomoka. (Nilipofika hapo nilimkumbuka afisa wa kibali, Allah amsamehe.)

Ama kumwaga magunia ofisini, hapo kanuni ya fiqhi iko wazi: madhara huondolewa, lakini hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Nje ya ofisi ile kuna mama anauza chapati, kuna vijana wa boda boda, kuna wapita njia. Hao wote hawakutukosea lolote.

Nao wazoaji wa lori tusiwageuze maadui. Mmoja wao alitueleza kuwa lori likijaa kabla hajamaliza nyumba zinazolipia, lawama humwangukia yeye. Mkataba hakuuandika yeye. Bibi aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.) alipofariki, masahaba waliliona jambo dogo, hawakumjulisha Mtume. Alipokosa kumwona aliuliza, akaonyeshwa kaburi lake, akamswalia. Bukhari na Muslim wameipokea. Sisi tunapishana na vijana wanaokaa juu ya taka bila glavu, na hata salamu hatuwapi.

Liko pia linalotuhusu sisi wa hosteli. Kaveera nyingi za mtaro ule zilikuwa za rolex, na hakuna mtaa Kampala unaokula rolex kama mtaa wa wanafunzi. Mwenye nyumba asiyelipia taka, wapangaji wake humwaga usiku. Kabla ya kulipa kodi, muulize taka za nyumba yake zinakwenda wapi.

Maana hata lori likizichukua, zinafika mahali. Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likafukia nyumba na watu wake. Waliofariki walizidi 30. Kila gunia lililotoka mlangoni kwa mtu lilikwenda kurundikwa mlangoni kwao.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi. Kabla ya kugusa mtaro tena, watu watatu watakwenda kwa mwenyekiti wa LC 1 na barua, kisha kwa wasimamizi wa taka, kuomba siku ya lori ijulikane na iandikwe. Barua itataja wajibu wao bila matusi, na nakala itabaki msikitini. Chupa zitatengwa kwa wanaozinunua, na fedha yake itanunua glavu, za kwetu na za vijana wa lori. Wanaotaka kuwamo katika ujumbe huo waandikishe majina kwa katibu baada ya swala ya Alasiri.