Azimio Lisomwe Kabla Watu Hawajatawanyika

Mzee akisimama kwenye mkutano wa kijiji huku Kiloleli, mkoani Simiyu, huanza kwa Kiswahili, na hoja ikipamba moto humalizia kwa Kisukuma. Mtendaji wa kijiji, aliyekaa mbele na kaunta buku lake, anatakiwa aiandike kwa Kiswahili papo hapo. Kama si mwenyeji, amwombe mwenyekiti amfafanulie kabla hajaandika. Asikisie.

Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na huitwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anaongoza, mtendaji ndiye katibu.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla. Mtendaji na mwenyekiti hupanga ajenda, tangazo hubandikwa, mgambo hupita vitongojini. Siku yenyewe daftari la mahudhurio huzungushwa: jina, kitongoji, saini; asiyejua kuandika huweka dole gumba. Kisha kufungua kikao, kuridhia ajenda, kusoma muhtasari uliopita na kuuthibitisha, yatokanayo, ajenda mpya, mengineyo, kufunga.

Nilipokuwa nikimsaidia mtendaji mmoja, nilijaza kurasa kwa maneno ya kila msemaji. Haifai. Kinachotakiwa ni hoja kwa ufupi, halafu azimio kwa ukamilifu. "Wajumbe walijadili na kukubaliana" ni sentensi isiyomfunga mtu. Andika hivi: "Mkutano umeazimia kila kaya itoe ndoo tano za mchanga wa darasa ifikapo tarehe 30 Septemba. Wasimamizi: wenyeviti wa vitongoji." Hapo kikao kijacho, kwenye yatokanayo, kuna wa kuulizwa.

Kwenye ardhi ndipo uzembe huu unapoumiza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mgogoro ukizuka, muhtasari ndio unaotafutwa. Nimewahi kuona wa kijiji kimoja: mahudhurio kurasa tatu, saini zimejaa, na kwenye ajenda ya shamba lenyewe limeandikwa neno moja tu, "ilijadiliwa". Watu waliokuwepo siku ile walikumbuka mambo mawili tofauti, na kila upande uliapa.

Kwa hiyo mtendaji asome kila azimio kwa sauti kabla kikao hakijafungwa, kwa lugha inayoeleweka na bibi aliyekaa nyuma kabisa. Akikosea, arekebishwe palepale. Muhtasari ukinakiliwa kwa unadhifu na kuthibitishwa kikao kijacho, mwenyekiti na katibu hutia saini, muhuri hugongwa, nakala huenda kwa mtendaji wa kata.

Nawe mkazi, mkutano ujao usinyanyuke kwenda kuangalia ng'ombe azimio halijasomwa. Likirukwa, nyoosha mkono uombe lisomwe.