Gari la Chama Linapochemsha: Kutambua Chanzo Kabla ya Kufungua Injini

Vyama vingi vya msingi katika Nyanda za Juu Kusini vina gari moja tu, na mara nyingi gari hilo ni kuukuu: Land Rover, Peugeot 504 ya mizigo, au Toyota iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Likichemsha kati ya mashamba ya Mufindi na njia panda ya Nyololo likiwa na shehena ya majani mabichi ya chai, hasara haiishii kwenye injini. Majani yaliyoshindiliwa hupata joto, hugeuka mekundu, na thamani yake hushuka kabla hayajafika kwenye mizani ya kiwanda. Kwa hiyo somo hili limeandikwa kwa ajili ya katibu na wanachama. Fundi anaposema kwamba lazima silinda hedi ifunguliwe, anayetia sahihi hati ya malipo ni katibu, naye hana budi kujua maswali ya kuuliza kabla ya kuidhinisha fedha za chama.

Kwanza ieleweke kwamba mwinuko wa nchi yetu una sehemu yake. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Mahali penye mwinuko wa mita 1,800 huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana mvuke na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha ratili 13 hukipandisha kwa nyuzi 20 hivi. Raba yake ikichakaa, au dereva akifunika kwa kitambaa na kipande cha mpira wa baiskeli, gari lililokwenda salama Dar es Salaam litachemsha kwenye vilima vya Igowole bila ubovu mwingine wowote. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kinunuliwe chenye namba ileile iliyogongwa juu ya kile cha asili. Chenye namba kubwa zaidi kitapasua mipira ya maji iliyochoka.

Linachemsha lini?

Hili ndilo swali la kumwuliza dereva kabla ya kushika spana. Gari linalochemsha likisimama au likitambaa, lakini hupoa likishika mwendo kwenye lami, lina kasoro ya upepo: feni haivuti sawasawa au mkanda wake umelegea. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja na nusu, ukazwe. Ukiwa unang'aa kama kioo pembeni, ubadilishwe. Katika magari mengi ya zamani mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji na kifaa cha kuchajia betri. Basi taa nyekundu ya betri ikiwaka pamoja na mshale wa joto kupanda, mkanda umekatika, na injini izimwe papo hapo.

Gari linalovumilia likiwa tupu, lakini likachemsha mlimani na mzigo, kwa kawaida lina rejeta iliyoziba. Kwa nje huziba kwa vumbi, wadudu, mbegu za nyasi na unga wa mbao. Isafishwe kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda mbele, wala si kwa shinikizo kali linalolaza mapezi. Kwa ndani huziba kwa kutu na matope ya maji ya mtoni. Injini ikipoa kidogo baada ya safari, na ikiwa imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta: sehemu iliyo baridi kuliko nyingine ndiyo iliyoziba. Hata hivyo, usiilaumu rejeta kabla ya kugusa magurudumu. Breki inayobana daima huilazimisha injini kufanya kazi ya magari mawili, nayo hujulikana kwa ngoma yake yenye moto usio wa kawaida.

Lipo pia gari linalopandisha mshale dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi. Hapo shaka iende kwenye themostati au gasketi ya hedi.

Juu ya themostati

Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Desturi ya mafundi wengi wa barabarani ni kuing'oa na kuitupa. Desturi hiyo ni mbaya popote, na huku kwetu ni mbaya zaidi. Katika baridi ya Juni na Julai injini isiyo na themostati haipati joto, hula mafuta, huchafua oili na kulika silinda. Tena, katika baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundikwe kwa waya ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na maji yapashwe polepole pamoja na kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ni nyuzi inapoanza kufunguka. Kufunguka kabisa huhitaji nyuzi kumi hivi zaidi. Sasa, maji ya sufuria huku kwetu hayavuki nyuzi 94. Themostati ya 88 itafunguka nusu tu, na wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe ni nzima. Mbovu ni ile isiyojongea kabisa maji yakitokota, au isiyojifunga yakipoa.

Maji huenda wapi?

Maji yakipungua, tafuta kwanza nje: maungio ya mipira, kitundu cha chini ya pampu ya maji, na zulia chini ya dashibodi ikiwa gari lina hita. Pasipoonekana dalili yoyote, ndipo gasketi ishukiwe. Injini ikiwa baridi, rejeta ijazwe, iwashwe bila kifuniko, na maji yatazamwe. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayopenya. Mpira wa juu unaokuwa mgumu kama jiwe kabla injini haijapata joto husema jambo hilohilo, na oili ya kwenye kijiti iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa husema zaidi. Lakini tusidanganywe na baridi ya Mufindi. Mvuke mweupe kwenye bomba la moshi alfajiri ni wa kawaida iwapo hukoma injini ikipata joto, na utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili huletwa na safari fupi.

Dereva naye aagizwe mambo machache. Mshale ukipanda na maji bado yamo, asimame, aondoe mzigo kwenye injini na kuiacha ingurume polepole boneti ikiwa wazi. Maji yakiwa yamekwisha, azime. Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda usimfurahishe, maana kifaa cha kupimia kisichogusa maji hakisomi kweli. Kifuniko kisiguswe kabla ya nusu saa kupita, kwani maji yaliyobanwa hulipuka na kuunguza uso. Maji baridi yasimwagwe ndani ya injini yenye moto, kwa kuwa hedi hupasuka.

Katika daftari la safari iongezwe safu moja: maji yaliyoongezwa, kwa lita, na mahali yalipoongezwa. Lita moja kwa mwezi si neno. Lita moja kila safari ni uvujaji unaotafutwa wiki hiyo, kabla ya msimu wa mavuno. Fundi akidai kufungua hedi, katibu amwombe afanye jaribio la mapovu mbele ya wajumbe wawili wa bodi, na matokeo yaandikwe katika daftari hilo pamoja na tarehe kabla ya hati ya malipo kutiwa sahihi.